Usimtie Bibi jino

Magomeni Mapipa, Dar es Salaam

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako niliipata juzi usiku pamoja na ile picha ya zamani ya Bibi uliyoikuza na kuing'arisha kwa programu, na mama yako naye ameitikia ya kwake. Sikukujibu palepale kwa sababu kuandika kwa kidole gumba kwenye simu kunanishinda, na ninalotaka kusema ni refu. Nimechukua daftari la kibandani, lile ninaloandikia redio za watu. Nikimaliza mdogo wako atazipiga picha kurasa akutumie.

Kwanza ahsante. Najua ulikaa nayo ukahangaika, na najua ulitaka kunifurahisha. Nilipoifungua nilimkuta Bibi yako amejaa kioo kizima, ngozi inang'aa, nyusi unaweza kuzihesabu unywele kwa unywele. Nikasema subhanallah. Halafu nikavaa miwani.

Mama, umemtia Bibi jino.

Bibi yako alikuwa na pengo. Jino la mbele la juu, aling'olewa mimi bado sijaoa, na habari za meno ya bandia hakutaka hata kuzisikia. Hiyo programu yako ya akili mnemba imekuta doa jeusi mdomoni, ikadhani ni uchafu wa picha, ikaziba. Itazame na khanga aliyojifunga. Maandishi yametoka meusi tii, yamenyooka, na hayasomeki kwa lugha yoyote ya binadamu: herufi tatu za kwetu, zilizobaki sijui za wapi. Khanga ile niliinunua mwenyewe Mtaa wa Uhuru, na ilisema HASIDI HANA SABABU. Alikuwa anamwambia nani sitaandika hapa, maana jirani yule yu hai na tunasalimiana vizuri.

Wewe huna kosa. Alipofariki mwaka 2004 ulikuwa na miaka miwili; hukumjua, umebeba jina lake tu. Kwa hiyo wacha nikusimulie picha yenyewe ilipatikanaje.

Mwaka 2001 nilikuwa na mteja mmoja, baharia, ananidai urafiki na mimi namdai pesa za redio kaseti mbili na deki moja. Kila Jumamosi, "wiki ijayo, fundi." Siku moja akaja na mfuko wa plastiki, ndani yake kamera nzito, kubwa kama betri ya pikipiki. "Chukua hii tumalizane." Nikaigeuza kila upande natafuta pa kutia mkanda. Hakuna. Kuna mlango wa flopi.

Wewe flopi umeiona kama ile alama ya kuhifadhi kazi kwenye kompyuta, basi. Ilikuwa kitu halisi: kibapa cha plastiki ngumu, ndani yake kisahani chembamba cha kahawia, na uwezo wake megabaiti 1.44. Kamera ilikuwa Sony Mavica, ile MVC-FD7 iliyotoka mwaka 1997, na ilipoangukia mikononi mwangu wenye pesa zao walishaiacha nyuma. Picha yake moja ni nukta 640 kwa 480, yaani vile vidoa vidogo vinavyoijenga picha. Zidisha utapata 307,200. Simu yako, kama kweli ni ya megapikseli 50, yaani nukta milioni 50, kama ulivyonitambia, inachukua nukta mara 160 na ushee ya hizo. Kwa ubora wa juu flopi moja ilimeza picha 15 hadi 20, ikijaa unachomeka nyingine. Uzuri wake haikutaka waya wala programu: kompyuta za siku zile zilikuwa na mlango wa flopi, unaichomoa kwenye kamera unaitia kule, picha hizo.

Sasa fikiria mtu aliyezoea mkanda. Mkanda ni picha 36. Unazipiga kwa kuzihesabia kama vidonge, unapeleka studio kusafisha, unarudi baada ya siku kadhaa unaambiwa tisa zimeungua na moja ni kidole chako. Na zote 36 umezilipia. Mimi nikapewa kitu ambacho ukikosea unafuta, hulipi senti. Nilipagawa. Kamera ilikuwa inavuta cha mbali mara 10, basi kila kilichokuwa mbali nikakivuta. Kunguru juu ya bati la msikiti, kunguru juu ya nguzo, kunguru kwenye jalala. Watu wa karibu niliwakata miguu au vichwa, kwa sababu sikujua kwamba baada ya kubonyeza unatakiwa utulie. Mimi nilikuwa nabonyeza na kuondoka, kama nawasha taa.

Kuna jambo nililisoma miaka mingi baadaye likanifurahisha kama fundi wa redio. Kamera ya kwanza ya namna hii aliitengeneza injinia wa Kodak, Steven Sasson, mwaka 1975. Ilikuwa na nukta 10,000 tu, nyeusi na nyeupe, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa. Kuandikwa kwenye nini? Kwenye kaseti! Kaseti hizihizi ninazozikaza kwa kalamu. Ningeijua habari hiyo mapema ingeniokoa na balaa moja, nitakueleza.

Siku ya picha ilikuwa asubuhi, kama saa nne. Bibi yako yuko uani ameikalia mbuzi anakuna nazi ya vitumbua vya kesho. Sinia iko chini, nazi inaanguka nyeupe, anakizungusha kifuu kwa kiganja bila kuangalia, kama anayefikiria jambo lingine. Nikasema hii siiachi. Lakini kamera ile haikuwa na tundu la kuchungulia, kulikuwa na kioo tu nyuma, na jua la saa nne lilikifanya kiwe cheusi kama sufuria. Nikahangaika, naziba kwa mkono, naziba kwa gazeti. Bibi akanitazama, akavua khanga ya juu akanirushia. "Jifunike, kama wale wapiga picha wa zamani."

Nikajifunika. Watoto wa wapangaji wakaja kuniona nilivyo.

Sasa yeye naye akajiandaa. Kwake picha ilikuwa kitu cha studio: unavaa, unakaa, unakaza shingo, na mdomo unafungwa, sababu ya pengo. Akaweka kifuu pajani, akakakamaa. Nikabonyeza. Flopi ikaanza kusaga, krrr, krrr, kama panya ndani ya kopo.

"Inasaga nini?"

"Inaandika picha yako, mama."

Nikamwita aje aone. Akainama, akaingiza kichwa ndani ya khanga pamoja na mimi, tukabanana humo kizani wawili, harufu ya nazi, na kioo kile kidogo kinawaka. Akajitazama. Kimya. Halafu akasema, "Huyu ni mimi? Mbona kama nimekamatwa na polisi!"

Akatoka humo anacheka. Akarudi kukaa kwenye mbuzi bado anacheka, anajipiga paja, mdomo wote wazi, amesahau pengo, amesahau kamera. Nikabonyeza mara ya pili nikatulia kama inavyotakiwa. Ndiyo hiyo. Mkono wa kulia umefutika kama moshi kwa sababu ulikuwa unapiga paja. Kwa kamera ya mkanda nisingeipata kabisa, maana ile sura ya polisi angeiona wiki mbili baadaye, na mkanda ungekuwa umekwisha.

Kisha tukagombana.

"Haya, nipe picha yangu."

"Imo humu ndani ya flopi, mama."

"Basi itoe."

"Haitoki mpaka kwenye kompyuta."

Alinitazama kama anamtazama mtoto aliyepoteza chenji. Picha isiyoshikika haikumwingia akilini, na siwezi kumcheka, kwani mwenyewe sikuwa na kompyuta wala pesa za kuichapisha. Mwisho akanyoosha mkono. "Ndimo nilimo?" Ndimo. "Basi picha yangu nitaitunza mwenyewe." Nikaichomoa flopi, nikaandika juu yake MAMA NAZI kwa kalamu ya bluu, nikampa. Aliizungushia kitambaa cha khanga iliyochakaa akaitia kwenye mkebe wa biskuti pamoja na kadi yake ya kliniki. Nikaona ni utoto tu, mambo ya wazee.

Flopi zangu nyingine tatu niliziweka kibandani. Humo ndimo ilimokuwa harusi ya shangazi yako, ya mwaka 2002, wapambe, ngoma, keki, yote. Na unajua nilizipanga wapi? Juu ya spika. Spika ya inchi nane, uchi, haijaingizwa kwenye boksi, sumaku yake nzito kama jiwe la kusagia, na mimi nikaona pale juu pamekaa vizuri, hapana vumbi.

Kaseti nisingeiweka pale hata kwa bahati mbaya. Nawagombeza vijana wa kibandani kila siku: kaseti mbali na spika, sumaku itaila sauti. Lakini flopi ilikuwa na ganda gumu, nikaiona kama chombo, sikuiona kama mkanda. Kumbe kile kisahani cha kahawia ndani yake ni ndugu wa kaseti, kinashika kwa sumaku vilevile. Na hilo jina Mavica lenyewe limekatwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya kamera ya video ya sumaku! Limeandikwa kwenye kamera, mbele ya macho yangu, na mimi ni fundi. Nilipozipeleka kwenye intaneti kafe kule mjini, kompyuta ikasema diski haijaandaliwa, je, unataka kuiandaa? Zote tatu. Shangazi yako mpaka leo kukiwa na harusi huniuliza mbele za watu kama nimekuja na spika.

Bibi alipofariki, baada ya arobaini, shangazi yako huyohuyo ndiye aliyefungua sanduku na kuutoa mkebe. Kitambaa kilikuwa kimefungwa fundo mbili. Nilikwenda na ile flopi mjini roho mkononi. Kompyuta ikaguna, ikaguna tena, ikafungua. Picha 13: kunguru 11, na Bibi yako wawili, yule wa polisi na huyu. Miaka mitatu marehemu ametunza kunguru wangu bila kujua.

Sasa turudi kwenye kazi yako. Mdogo wako kanitazamia, hiyo uliyonitumia ni nukta 2560 kwa 1920. Upana mara nne, urefu mara nne, kwa hiyo mahali palipokuwa na nukta moja sasa pana 16. Ile moja ililetwa na mwanga uliomgonga Bibi asubuhi ile ukaingia kwenye kamera. Hizo 15 zimetungwa na programu kwa kufuata nyuso za watu wengine isiowajua wala wewe huwajui. Ni mama mzuri, simkatai. Nikikutana naye feri nitamsalimia. Lakini si yule aliyeingiza kichwa kwenye khanga.

Unasema unataka ya kutundika sebuleni kwako huko Kigamboni, na ya zamani ukiikuza inakuwa vigae. Ni kweli, ukiikuza. Mimi jana nimefanya kinyume. Nimekwenda studio nikamwambia kijana anichapishie nukta 300 kwa inchi, asiongeze wala asinyooshe kitu. Imetoka sentimita 5.4 kwa 4.1, kama kiberiti. Kijana akaniuliza, mzee, ya kitambulisho? Nikaichukua mpaka kibandani, nikaiweka chini ya lenzi ninayotazamia saketi. Mwanangu, imetulia kabisa. Pengo lipo. Kifuu kipo pajani. Maandishi ya khanga hayasomeki, ni ukungu tu mweupe, lakini ni ukungu wa mahali pake, na wewe sasa unajua panasema nini.

Ile yenye jino sikuambii uifute, ni jasho lako. Ila usiandike jina lake chini yake.

Faili lenyewe mdogo wako atakutumia leo. Nimemwambia alitume kama dokumenti, maana likienda kama picha WhatsApp italibana, na hakuna cha kubana tena pale. Jina lake linaanza na MVC, usilibadilishe.

Fremu nimekutengenezea mwenyewe kwa mbao za boksi la redio ya zamani, ni ndogo, itakaa hata juu ya friji. Njoo uichukue Jumapili. Ukishuka kwenye pantoni pitia hapo feri ununue changu, wakubwa wawili wanatosha, na uwatazame macho kabla hujatoa pesa. Mama yako anasema nazi ipo.

Baba yako