Tulipeni marudio, michango hatuiombi

Bw. Mhariri,

Ile taarifa yenu ya Jumapili kuhusu waigizaji wakongwe, yenye picha ya mwenzetu amelala kitandani na nambari ya mchango chini yake, imenitoa katika kimya cha miaka mingi. Mwandishi wenu amewaambia wasomaji kwamba sisi tuliovuma zamani tumeishia kuombaomba kwa sababu tulikunywa, tukajionyesha, hatukuweka akiba. Waliokunywa walikuwepo. Hata walimu na makarani wapo wanaokunywa, na wakistaafu wanapata pensheni. Akiba hutoka kwenye malipo, na katika ukurasa mzima mwandishi wenu hakuuliza tulikuwa tunalipwa nini, wala ni nani anayelipwa leo kazi zetu zinaporudiwa.

Mimi nilianza jukwaani miaka ya 1980, pale Kenya National Theatre. Mchana nilikuwa karani katikati ya jiji. Saa kumi na moja jioni nilikunja mafaili nikapanda kwa miguu hadi mazoezini. Tulifanya mazoezi wiki nyingi kwa ajili ya maonyesho ya wikendi mbili. Pesa za mlangoni zililipa ukumbi kwanza, kisha taa, kisha mabango, na kabla ya hayo yote tulikuwa tumehangaikia leseni, kwa sababu Sura ya 222 ya sheria zetu, ile ya filamu na michezo ya jukwaani, haikuruhusu mtu kupanda jukwaani hivi hivi. Kilichobaki tuligawana, na mara nyingi kilichobaki kilikuwa nauli. Mwanamke aliyeshuka kwenye matatu saa nne usiku, poda ya jukwaani bado usoni, majirani walikuwa na jina la kumwita. Tulivumilia kwa sababu tuliipenda kazi.

Televisheni ilipotuita, tulirekodi vipindi viwili au vitatu kwa siku moja. Nguo tulibeba kutoka nyumbani. Ile khanga ya mama mkwe, mhusika niliyemwigiza, ambayo watu waliizoea ilikuwa yangu, niliinunua kwa pesa zangu. Mswada wa kukariri hatukupewa. Mwongozaji alitueleza kisa, nani amemkosea nani, na maneno tukayatunga pale pale mbele ya kamera. Kwa hiyo misemo ambayo vijana wanaitupia mitandaoni leo ilitoka vichwani mwetu.

Mchukueni marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi. Wengi waliamini kabisa kwamba ni Mjaluo, kumbe ni Mkikuyu. Ile haikuwa bahati. Ni kazi ya mtu aliyewasikiliza watu kwa makini, akajua wanavuta sauti wapi na wanaikata wapi, akaishikilia bila kuteleza mwaka baada ya mwaka. Macho yake yalipoharibika, Wakenya walimchangia atibiwe. Alipofariki Julai 2015, rambirambi zilijaa kila mahali. Nilizisoma nikitafuta mtu mmoja wa kuuliza kama mzee huyo alikuwa akipata chochote kila sura yake ilipoonekana tena kwenye kioo. Sikumwona.

Sasa nikueleze yaliyonipata mwenyewe. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake kipindi nilichoigiza, kimewekwa YouTube na kituo kile kile kilichokirekodi, matangazo ya sabuni na ya mikopo yanakikatiza kila baada ya dakika chache. Nikaenda kituoni kuuliza. Askari wa getini alinitambua hata kabla sijatoa kitambulisho. Akaniita kwa jina la yule mama mkwe, akawaita wenzake, wakaniomba nicheke kile kicheko. Nikawachekea, wakapiga picha na mimi, wakanisindikiza hadi kwenye lifti kwa heshima zote. Juu, katika ofisi ya vipindi, kijana mmoja mpole alitafuta jina langu kwenye kompyuta. Halikuwemo. Akaniuliza, “Mama, una mkataba?” Nikamwambia mkataba wetu ulikuwa karatasi moja, tulitia sahihi kwenye korido tukisubiri kurekodi, na karatasi yenyewe waliondoka nayo wao, hatukuachiwa nakala. Akaniuliza kama nina chochote cha kuthibitisha kwamba niliigiza katika kipindi hicho. Bw. Mhariri, ukutani nyuma ya kiti chake kulikuwa na picha za vipindi vya zamani vya kituo, zimetiwa kwenye fremu nzuri na kufutwa vumbi, na katika mojawapo nimesimama mimi, mikono kiunoni, nimejifunga ile khanga. Nikamwonyesha kwa kidole. Akageuka akaitazama, akanitazama mimi, kisha akasema atazungumza na mkubwa wake. Nambari yangu ya simu akaiandika kwenye kijikaratasi cha manjano, akakibandika pembeni mwa kompyuta. Hajanipigia mpaka leo, na kipindi kinaendelea kuonyeshwa kila Jumatano usiku.

Mtu akiniambia hii ni huruma ninayotafuta, namjibu kwamba hili ni jambo la sheria. Kifungu cha 30A cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinazungumzia malipo ya haki kwa msanii kazi yake iliyorekodiwa inapotangazwa kwa umma. Kimataifa upo Mkataba wa Beijing wa 2012 kuhusu waigizaji wa filamu na televisheni, ulioanza kutumika Aprili 2020. Mwandishi wenu angepiga simu moja kwa wakili yeyote wa hakimiliki, angeandika taarifa nyingine kabisa.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, niwaambie pia kuhusu vijana wanaozunguka shuleni wakiigiza tamthilia teule, zile zinazosomwa kwa ajili ya mtihani. Kikundi cha watu wachache kinabeba tamthilia nzima, mtu mmoja ni askari, mzee na mlevi katika onyesho lilelile. Wanaondoka Nairobi alfajiri, wanafika wanasukuma meza za bwalo ukutani, wanaigiza bila kipaza sauti mbele ya mamia ya wanafunzi. Mtoto anayefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, anaelewa mhusika kwa sababu alimwona akitembea na kulia. Halafu mwalimu anawalipa nusu na kuwaambia nusu nyingine ni muhula ujao. Hawa ndio mtakaowapiga picha kitandani baada ya miaka thelathini.

Gazeti lenu lina mchango wake katika haya. Siku hizi mwigizaji akiandikwa ni kwa sababu ya ndoa au ya nguo. Lupita Nyong'o alipotwaa Oscar mwaka 2014, ni wangapi walioandika kwamba alikuwa Juliet akiwa na miaka 14, hapa hapa Nairobi, na kikundi cha Phoenix Players? Na miaka 11 kabla yake, mwaka 2003, Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni ilikwenda kwa Nowhere in Africa, filamu ya Kijerumani ambayo kisa chake kinatokea Kenya. Mpishi Owuor, ambaye bila yeye filamu ile haisimami, aliigizwa na Mkenya mwenzetu Sidede Onyulo. Waulizeni vijana wenu wa chumba cha habari kama wanalijua jina hilo.

Ninachotaka si kigumu. Kila siku mnachapisha ratiba ya vipindi vya televisheni. Kipindi kikiwa ni marudio, andikeni kando yake mwaka kilipotengenezwa na majina ya waigizaji wote, wakiwemo marehemu, ili familia zao zijue na ziweze kuhesabu. Kituo kisichowapa majina hayo, acheni nafasi yake wazi kwenye ratiba na mseme kwamba kimekataa. Malipo yatumwe kwa M-Pesa kabla ya marudio yanayofuata kuonyeshwa, hata yakiwa shilingi mia tano, na kila mwigizaji apewe karatasi ya kuonyesha ni ya kipindi gani. Na mwenzetu wa kwenye picha ya Jumapili, rudini kwake mkamuulize aliigiza wapi, katika nini, na vipindi vyake vingapi vingali hewani, kisha mchapishe majibu yake kwa ukubwa ule ule mliochapishia kitanda chake.

Mkitaka pa kuanzia, anzeni na kile cha Jumatano saa nne usiku. Majina ya waigizaji wote ninayo, nimeyaandika.

Mwigizaji wa zamani,
Jericho, Nairobi