Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Treni ya Usiku na Treni za Siku Maalumu

Ndugu wanachama wenzangu,

Nawasalimu kwa salamu za dini zetu zote. Hii ni taarifa ya chama chetu cha abiria wa treni ya jiji la Dar es Salaam, kwa mwaka ulioishia Septemba 2025. Karibu yote inahusu jambo moja, kwa sababu ndilo mlilonituma.

Mkutano uliopita ulisema: nenda kaombe treni ya usiku. Nikaandika barua, nikaipeleka mwenyewe kwa wenye treni. Jibu lililorudi lilikuwa swali: treni ya saa ngapi, siku zipi, na hao abiria wanashukia wapi? Kamati tulikaa tukatazamana. Kila mmoja alikuwa na saa yake kichwani. Mwenye kibanda Kariakoo alitaka saa 4 na nusu. Mtu wa mpira alitaka saa 6. Muuguzi alitaka inayoingia mjini, si inayotoka. Mmoja wetu, simtaji, alitaka treni ya kurudisha watu wa harusi. Tuliomba kitu ambacho hata sisi hatukuwa tumekijua vizuri, na lawama hiyo naibeba mimi.

Treni ya jiji, ambayo wengi bado tunaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ilianza Oktoba 2012 kwa ajili ya mtu anayeingia mjini asubuhi na kurudi jioni. Kwa mtu huyo imefanya kazi kubwa. Ila Dar es Salaam ya sasa haifungi duka jua likizama. Mwanzoni mwa 2025 Kariakoo ilifunguliwa rasmi kwa biashara ya saa 24, na mwenye duka akifunga saa 5 usiku, kuli wake na mama lishe wake wanafunga saa hiyohiyo. Mwenye duka ana gari. Hao wengine wanategemea daladala ambazo usiku zinapungua, au bodaboda inayomeza faida ya siku nzima. Wapo wanaolala juu ya maboksi hadi alfajiri.

Basi tukaanzisha daftari. Kwenye vituo vya Buguruni, Vingunguti, Karakata, Gongo la Mboto na Pugu tuliwaomba wanachama waandike tu: umetoka wapi, saa ngapi, umerudije. Daftari la Karakata lililoa mvua za masika, la Pugu limeandikwa kwa mkono wa mtoto wa shule, lakini yote yanasema jambo lililonishangaza. Nilidhani wenye haja ni watu wa starehe na mashabiki. Kumbe wengi ni wafanyakazi: walinzi, wauguzi, wapishi wa hotelini, watu wa sokoni. Mashabiki wanapiga kelele zaidi, basi.

Hata hivyo mashabiki nao wana hoja. Agosti CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilipofunguliwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Taifa Stars yetu ikaifunga Burkina Faso 2-0, mechi ilianza saa 2 usiku. Ongeza shangwe, ongeza foleni ya kutoka, umefika saa 5 bado unatafuta usafiri. Uwanja ule unachukua watu 60,000. Na hii si mara ya kwanza: Machi 2024 Simba wa Msimbazi walicheza na Al Ahly, kesho yake Yanga wa Jangwani wakacheza na Mamelodi Sundowns, zote saa 3 usiku. Siku hizo mbili ndiyo mara pekee nimeona watani wanagombea bajaji moja na kukubaliana kuchangia.

Vijana wetu wameniuliza mbona London treni za chini ya ardhi zinakwenda usiku kucha. Zinakwenda, ndiyo, lakini tangu zilipoanza 19 Agosti 2016 ni usiku wa Ijumaa na Jumamosi tu, na ni kwenye baadhi ya njia. Usiku ndio muda wa mafundi kushika reli. Kwetu kuna zaidi ya hapo, maana reli ya zamani inapitisha na mizigo ya kwenda bara. Treni ya saa 5 inahitaji pia dereva wa zamu nyingine, mlinzi wa pale barabara inapokatiza reli, taa stesheni, na askari. Taa ndizo zilizosemwa sana na akina mama kwenye daftari, kuliko hata nauli. Treni ikikushusha gizani haijakusaidia.

Jambo ambalo mimi binafsi nalipenda ni la Ujerumani. Kombe la Dunia la 2006, tiketi ya mechi ilikuwa pia nauli ya usafiri wa mjini siku hiyo. Abiria amelipa kabla hajatoka nyumbani, na mwenye treni anajua mapema watakuja wangapi. AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu, Kenya na Uganda kuanzia Juni 2027, kwa hiyo muda wa kulizungumza upo, ila si mwingi.

Wenzetu wa Moshi wameomba chama kidai nafasi zaidi za Desemba. Treni ya Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka mingi, na kila Krismasi tiketi zake ni vita. Kamati imeona hilo ni la safari ndefu, si letu. Najua baadhi yenu mmeudhika.

Barua mpya iko tayari, nusu ukurasa. Tunaomba treni moja tu, itoke Stesheni ya mjini saa 5 usiku Ijumaa na Jumamosi, kwa majaribio ya miezi mitatu, na siku za mechi kubwa isubiri hadi watu watoke uwanjani. Nakala za madaftari zitaambatana nayo. Treni ya kila siku hatuombi kwa sasa. Anayepinga aseme leo kabla sijaweka saini.

Kituo cha Vingunguti hakina mtunza daftari tangu mwenzetu ahamie Kibaha, kwa hiyo nahitaji mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka. Mhazini atasoma hesabu baada ya chai.