Udongo una upande, ripoti zetu hazina

Mhariri,

Tuta la barabara likiporomoka, lawama zote hubebeshwa mvua, hata kwenye ukurasa huu wa barua. Naomba nafasi niitetee kidogo. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya udongo. Kazi yangu ni kukata sampuli na kuziminya mpaka zisalimu amri.

Chonga kwa waya udongo wa mfinyanzi wa bonde la Msimbazi: utepe mweusi, uzi wa mchanga, utepe tena. Mto umeutandika umelala, kisha uzito wa juu ukaushindilia kwenda chini. Ukikata kipande kimoja wima na kingine ubavuni, shimo lilelile, kina kilekile, haviwi na nguvu sawa.

Sasa tazama udongo ulio chini ya tuta. Katikati udongo unakandamizwa kutoka juu, chini zaidi unakatwa kwa ulalo, na kwenye kitako cha mteremko unasukumwa kwenda juu. Laurits Bjerrum, mhandisi wa udongo wa Norway, aliyaeleza haya mwaka 1973: udongo mmoja, nguvu tatu, na ile ya kitakoni huweza isifike hata nusu ya ile ya katikati. Ripoti zetu huandika namba moja tu, tena ya sampuli iliyosimama, yaani ile inayopendeza.

Kwenye kompyuta hali ni hiyohiyo. Modeli, yaani hesabu za kutabiri udongo utakavyobonyea, inayotumika sana ni ya Roscoe na Burland wa Cambridge, 1968: kwenye mchoro wa misukumo, mpaka wa udongo kusalimu amri ni duaradufu (umbo la yai) iliyonyooka, isiyojua wima wala ubavu. Mwaka 2003 Wheeler na wenzake waliiinamisha, na mwinamo wenyewe hubadilika kadiri udongo unavyobonyea bila kurudi. Mabosi husema hayo ni gharama. Gharama gani? Kwa udongo laini ambao haujawahi kubeba mzigo mkubwa kuliko wa sasa, mwinamo wa kuanzia hukokotolewa kutokana na pembe ya msuguano, yaani kipimo cha jinsi chembe za udongo zinavyokataa kuteleza, na hiyo tunaipima kila wiki.

Wanaoandaa zabuni waongeze mstari mmoja tu: panapojengwa tuta juu ya mfinyanzi laini, kila shimo litoe pia sampuli ya ubavuni, na ripoti ionyeshe kila namba imepimwa kuelekea wapi.

Fundi sanifu,
Tabata, Dar es Salaam