Dada, mafiga ya Bibi yako wapi?

Shikamoo dada. Simu zangu hupokei, basi naandika hapa, mawifi na mashemeji wasome wakuhadithie.

Naanza na lawama yako, maana ni ya kweli. Bibi alipofariki nilikuwa Mexico, jimbo la Morelos, beseni la maji mbele yangu na mswaki mkononi, naosha vigae vya vyungu vya watu waliokufa zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Ukasema msibani, "Anaosha vyungu vya wasiomjua, aliyemlea kaoshwa na sisi." Maneno hayo yalinifikia kabla sijapata nauli.

Lakini hujaniuliza hata siku moja kule nilikuwa nafuata nini. Unadhani dhahabu. Dada, ni majiko! Yautepec ni mji wa Waazteki, wenyeji wa kule kabla ya Wahispania kufika, uliolala chini ya mji wa leo. Mwaka 1993 watu walichimba pale kutafuta nyumba za raia. Kabla ya hapo, mwaka 1986, mwanaakiolojia Michael Smith na wenzake walichimba makazi ya Capilco na Cuexcomate, Morelos hiyo hiyo: kuta za matofali mabichi juu ya msingi wa mawe, nyumba ya kawaida kama mita 15 za mraba. Banda lako la kuku halipungui sana hapo.

Ndani hukuti kitu, pamefagiliwa. Habari zote ziko jaani, nje ya ukuta: vigae, vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalokata kama wembe, na vigurudumu vya udongo vya kusokotea pamba. Wanawake wote walisokota, maana kitambaa kilikuwa kodi, na sokoni kilikuwa pesa. (Kodi haijawahi kumsahau mwanamke.) Na moto wao uliwaka katikati ya mawe matatu. Mtoto wa kike akizaliwa, kitovu chake kilizikwa kando ya jiko. Niliposoma hilo niliuona ule mnazi wetu wa nyuma, na Bibi akituonyesha, hiki chako, hiki cha nduguyo.

Miezi minne baada ya mazishi nikafika. Jiko umelitia marumaru, mtungi wa gesi umesimama palipokuwa na moto. Sikukulaumu, na leo sikulaumu. Miaka miwili ulimpikia Bibi uji kwa kuni mbichi, macho mekundu; mimi nilituma pesa, na pesa haipulizi moto. Ingawa nilituma kila mwezi, dada, na hilo hukulisema msibani.

Nikauliza tu, mafiga yako wapi? Ukacheka. "Jaani. Si ndiyo kazi yako? Chimba."

Nikachimba. Magharibi ile, kwa mikono, kanzu ya safari mwilini, na wewe ukawaita watoto waje kumtazama mjomba wao. Nilipata meno ya mbuzi ya nazi, kutu tupu, na figa moja. Watoto walicheka kwa kuwa wewe ulicheka. Mdogo wao mpaka leo ananiita Mjomba Jaa.

Kutupa nimekusamehe zamani. Mimi nakula kwa vilivyotupwa. Wale mama wa Yautepec wangetunza kila kitu kabatini, nisingewajua. Kicheko ndicho kilichonikaa hapa kooni. Labda na wewe kuna kinachokukaa. Simu yangu ikiita siku ya tatu ya msiba, badala ya mimi mwenyewe.

Figa lile ninalo, liko dirishani. Mawili bado yamo humo jaani.

Sasa nasikia fundi anakuja wiki ijayo kuchimba shimo la choo pale pale nyuma. Mwambie asogee hatua tano, upande wa ukuta wa jirani, asiguse jaa wala mnazi. Akidai pesa ya ziada, nitumie ujumbe tu. Kupokea simu si lazima.