Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Vyura wa Kioo

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati naleta kwenu taarifa ya mwaka. Hesabu za fedha ziko katika ripoti ya mweka hazina, kwa hiyo sitazirudia hapa. Mkutano mkuu uliopita uliagiza tujikite kwa vyura wa kioo, kwa kuwa wanachama walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini wanazidi kuwafuga. Maswali yaliyoifikia kamati karibu yote yalirudi palepale: mayai yanatagwa vizuri jioni, baada ya siku tatu yamekauka au yameota kuvu. Taarifa hii inajibu hilo zaidi ya yote.

Vyura wa kioo, ambao ngozi ya tumbo lao ni angavu hadi viungo vya ndani huonekana, ni familia ya Centrolenidae, yenye spishi zaidi ya 150. Makao yao ni kusini mwa Meksiko hadi Bolivia, Brazili na kaskazini mwa Argentina, na utajiri wao mkubwa uko kwenye miteremko ya Andes, nchini Kolombia na Ekwado. Wa kwanza kuelezwa kisayansi alikuwa Centrolene geckoideum, kazi ya Marcos Jiménez de la Espada mwaka 1872. Huyo ndiye pandikizi la familia, dume lake hukaribia sentimita 8, ilhali wengi wa jamaa zake ni wa sentimita 2 hadi 3 tu. Afrika hawapo. Vyura wetu wa matete, jenasi ya Hyperolius, baadhi yao nao hutaga juu ya majani yaliyoinamia maji, na wale wa Afrixalus hukunja jani likafunika mayai, lakini si ndugu wa karibu. Mwanachama asichukue utaratibu wa mmoja akautumia kwa mwingine.

Katika utambuzi, anzeni na tumbo. Chura akiketi kwenye kioo cha tangi, mtazameni tumbo kwa macho tu, bila kumshika. Kwa jenasi ya Hyalinobatrachium mifupa ni myeupe, na kwa spishi zake kadhaa mtaona moyo mwekundu ukidunda waziwazi. Kwa jenasi nyingine nyingi, kama Centrolene na Espadarana, moyo umefunikwa na utando mweupe na mifupa ni ya kijani. Madume wengi wa Centrolene wana mwiba kwenye mkono, karibu na bega, nao hupigana wakiwa wananing'inia kwa miguu ya nyuma, kwa hiyo madume wawili wasiwekwe tangi moja dogo. Sura peke yake haitoshi. Mwaka 2022 zilielezwa spishi mbili mpya za Ekwado, Hyalinobatrachium mashpi na Hyalinobatrachium nouns. Zinaishi pande mbili za bonde la mto Guayllabamba na zinafanana kiasi kwamba kilichozitenganisha ni mlio na vinasaba. Ndiyo sababu kamati inakataza kuchanganya vyura wa asili tofauti hata kama wanafanana kama mapacha.

Uwazi wa mwili nao ulieleweka vizuri zaidi mwishoni mwa mwaka huohuo. Watafiti walionyesha kuwa Hyalinobatrachium fleischmanni anapolala mchana huficha takribani asilimia 89 ya chembe nyekundu za damu ndani ya ini, ambalo limezungukwa na fuwele zinazorudisha mwanga, na mwili huwa wazi mara mbili hadi tatu zaidi kuliko anapokuwa macho. Damu hiyo iliyosongamana haigandi. Kwa mfugaji, maana yake ni hii: chura aliyelala chini ya jani asiguswe, asimulikwe, asipigwe picha kwa flashi. Akiamshwa, damu inarudi mwilini, uwazi unapotea na kinga yake ya mchana imekwisha.

Sasa mayai. Jike hutaga juu ya jani, au chini yake kwa Hyalinobatrachium wengi, juu ya kijito. Kwa spishi nyingi jike mwenyewe hubaki usiku uleule saa kadhaa, tumbo limegandamana na mayai, akiyapa maji kutoka mwilini mwake. Ute unaozunguka mayai hunenepa, na wadudu wa jamii ya senene na nyenje hupata shida kukifikia kiini. Kwa fleischmanni na Hyalinobatrachium valerioi kazi ya muda mrefu ni ya dume. Fleischmanni huhudumia hasa usiku, valerioi hukaa usiku na mchana, na madoadoa ya mgongo wake yanafanana na vishada vya mayai vilivyo kando yake. Dume mmoja anaweza kulinda vishada kadhaa vya umri tofauti, na majike kadhaa wakawa wamemtagia. Ukitazama kwa tochi ya mwanga mwekundu utamwona akishuka kijitoni au kwenye jani lenye maji, akiketi humo, kisha akirudi na kulala juu ya kishada kimojakimoja. Dume akiondolewa, mayai hukauka, nyigu na nyoka huyala, na viluwiluwi walio karibu tayari huanguliwa kabla ya wakati ili wajinusuru. Hutoka wadogo na dhaifu. Wafugaji wengi huanzia kosa hapo: wanamwondoa baba ili "asiyasumbue mayai."

Kwa hiyo dume abaki. Tangi la wastani la watu wazima watatu au wanne liwe na sentimita 45 kwa 45 chini na 60 kwenda juu, lenye majani mapana laini ya filodendroni au anturiamu na maji yanayotiririka chini. Joto la mchana liwe nyuzi 21 hadi 25 za Selsiasi, usiku 18 hadi 20. Zaidi ya 28 ni hatari. Unyevunyevu wa hewa uwe asilimia 80 hadi 95, lakini hewa iingie na kutoka. Tangi lililozibwa kabisa lina unyevu lakini ndilo linaloleta kuvu. Lisheni jioni, nzi wa matunda waliopakwa unga wa kalsiamu wenye vitamini D3, kila chura nzi 10 hadi 15, siku moja na kupumzika siku moja. Maji yawe ya mvua au yaliyochujwa, maana klorini ya bombani huua viini vya mayai.

Dume akiwa ameyaacha mayai kweli, kwa usiku mmoja mzima bila kurudi, fanyeni hivi. Kateni jani zima pamoja na kishada, lining'inizeni kwenye sanduku la plastiki lenye matundu madogo, sentimita 5 hadi 8 juu ya maji ya kina cha sentimita 5. Nyunyizieni ukungu mwembamba mara tatu au nne kwa siku, ute uonekane unang'aa lakini maji yasitiririke kishadani. Mkizidisha, kuvu huota. Mkipunguza, ute hubonyea kwenye kingo. Yai lililogeuka jeupe liondolewe kwa koleo ndogo siku hiyohiyo, kwani linaambukiza jirani zake.

Viluwiluwi wakidondoka ni warefu, wembamba, na wenye rangi ya waridi kwa sababu damu inaonekana kupitia ngozi. Porini hujichimbia kwenye changarawe na majani yanayooza chini ya kijito, ambako oksijeni ni kidogo. Wawekeeni tabaka la majani makavu ya mti wa mkungu, ambayo wanachama wa pwani wanaweza kuyaokota bure, maji ya nyuzi 22 hadi 24, na unga kidogo wa mwani wa spirulina mara mbili kwa wiki. Maji yakichafuka badilisheni sehemu ya tano tu kwa siku. Hukua polepole, kwa miezi mingi. Miguu ya mbele ikitokeza wekeni jiwe au jani lenye mteremko na mfuniko, kwani usiku ule wa kutoka ndipo wengi huzama au hukimbia.

Kuhusu biashara: mkutano wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini, uliofanyika Panama Novemba 2022 uliiweka familia yote ya vyura wa kioo katika Kiambatisho cha II, na uamuzi ulianza kutumika Februari 2023. Chura anayevuka mpaka anahitaji kibali cha kusafirishwa nje. Kamati inawaomba wanachama wasinunue chura asiye na karatasi, na wasitosheke na neno la muuzaji kwamba amezaliwa tangini: waulize wazazi wametoka wapi na lini. Spishi nyingi zinaishi bonde moja au mteremko mmoja, na kuvuna mara moja kwa mfuko mmoja kunaweza kuumaliza msimu wa kijito.

Sisi tunao ushahidi wetu wa nyumbani juu ya ugonjwa. Chura wa Kihansi aliishi kwenye ukungu wa maporomoko ya korongo moja tu la milima ya Udzungwa, Tanzania. Maji yalipochepushwa kwa ajili ya umeme, vinyunyizi viliwekwa, lakini idadi iliporomoka mwaka 2003 na kuvu ya kaitridi, inayoshambulia ngozi ya vyura na kuwaua, ilibainika. Leo angekuwa ametoweka kabisa duniani kama vyura 499 wasingepelekwa Marekani mwaka 2000 kuzalishwa. Kwa sababu hiyo kila chura mpya apitie karantini ya siku 60, achukuliwe sampuli ya ngozi ya tumbo, mapaja na vidole, na vyombo vya tangi moja visiingie tangi jingine bila kuoshwa kwa dawa.

Kamati inapendekeza mambo matatu kwa kura ya mkutano mkuu ujao: daftari la pamoja la mayai, likiandika tarehe ya kutagwa, joto, unyevu, siku ya kuanguliwa na sababu ya kila yai lililopotea, kununua kwa pamoja vifaa vya sampuli za kaitridi, na kukataza kuingiza katika mikutano ya kubadilishana wanyama chura yeyote aliyevuliwa porini. Mwenye marekebisho aniandikie kabla ya mkutano, atoe na sababu.

Mwenyekiti