Gari langu la umeme limegongwa likiwa limepaki, bima wanataka nisaini: nifanyeje?

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzangu,

Naomba ushauri wenu kabla sijaweka sahihi ambayo nikishaiweka haifutiki.

Nina Nissan Leaf ya mwaka 2014, mtumba wa Japani, ambayo mimi na mume wangu tuliinunua kwa mkopo wa SACCOS na marejesho bado yanaendelea. Nilikuwa nimeipaki mbele ya duka langu la vifaa vya shule hapa Tabata, pembeni kabisa mwa barabara, pua ikiutazama mtaro. Canter moja ikarudi nyuma kwa kasi, ikaligonga gari kwa nyuma na kulisukuma mpaka gurudumu la mbele likatumbukia mtaroni. Dereva akaingiza gia akaondoka. Mlinzi wa duka la dawa alipuliza filimbi na kumkimbiza, akaambulia kuona turubai la bluu tu. Kamera ya jirani imenasa kila kitu isipokuwa namba, maana mwanga wa taa umeifunika.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva aliyesababisha ajali asimame na kutoa taarifa. Huyu hakusimama. Nina RB, trafiki walikuja wakachora ramani, gari limekaguliwa na ripoti ninayo. Wa kumdai hayupo, kwa hiyo nimebaki na bima yangu, na namshukuru Mungu ni bima kubwa, si ile ndogo.

Tatizo langu linaanzia hapo. Mtathmini wa kampuni ya bima alikuja akapiga picha bampa ya nyuma, mlango wa buti, taa ya kulia na rimu ya mbele. Akaandika orodha yake, kampuni ikakubali kulipa, na gereji wameshaichagua wao. Kilichobaki ni mimi kusaini hati inayosema nimeridhika na kiasi hicho na sitadai chochote tena kutokana na ajali hii. Chini ya gari hakuinama hata mara moja.

Wasioyajua magari haya niwaeleze kidogo. Injini hakuna, tangi la mafuta hakuna, badala yake kuna betri kubwa yenye uzito wa kilo 300 hivi, imelazwa chini ya sakafu, chini ya viti tunavyokalia. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Mle ndani ni kama volti 360. Gari lilipotumbukia mtaroni lilikaa kwa tumbo juu ya ukingo wa zege, na vijana wa bodaboda walipolitoa kwa mbao na mabega, likasuguliwa tena.

Tulipolipandisha juu ya shimo la gereji moja hapa mtaani niliingia mwenyewe na tochi ya simu. Bati la kava ya betri lina mkwaruzo unaong'aa, mrefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, na unapoishia pamebonyea kiasi cha kiganja kukaa. Pembeni yake kuna mahali kava la juu na la chini yanapokutana, na pale ule mstari wa gundi ya kuzuia maji hauko sawa na sehemu nyingine. Ninauza madaftari na kalamu, ufundi sina, lakini macho ninayo.

Shemeji yangu, fundi bodi wa miaka mingi na mtu ninayemheshimu sana, anasema ni bati tu, lipigwe rangi ya kuzuia kutu maisha yaendelee. Fundi wa bajaji za umeme niliyempelekea picha alisema betri ni betri, ataifungua Jumapili. Nilikataa. Betri anazozoea yeye zina volti chache mno kulinganisha na hii.

Aliyenisaidia zaidi ni kijana mmoja aliyekuja na kifaa kidogo akakichomeka chini ya usukani, kisha akafungua programu kwenye simu yake. Vijiti 96 vikasimama kwenye kioo, kimoja kwa kila jozi ya seli, na vyote vilikuwa karibu sawa kwa urefu. Nikapumua. Lakini yeye mwenyewe akaniambia, “Mama, hii inaniambia seli zina umeme kiasi gani. Haiwezi kuniambia kama kava limepasuka au kama maji yanaingia.” Alisema inatakiwa ipimwe insulesheni, yaani kuhakikisha umeme wa betri hauvuji kwenda kwenye bodi, kisha ishushwe na ikaguliwe kwa nje. Hana vifaa vya kuishusha, na hakutaka kunidanganya.

Haikupita wiki mvua kubwa ikanyesha, zile za masika zinazojaza barabara zetu. Nilipowasha gari, ile alama ya njano ya kigari chenye mshangao ikawaka kwenye dashibodi. Kesho yake jua lilipotoka, ikazimika. Tangu siku hiyo halijabeba mtoto wangu, na silichaji. Linalala uwanjani kwa dada yangu Kinyerezi, mbali na ukuta wa nyumba.

Niliwaandikia bima nikaambatanisha picha za tumbo la gari na ya ile taa. Jibu lilikuja kwa simu: gari linatembea, uharibifu wa betri haumo kwenye ripoti ya mtathmini, na huenda mkwaruzo ule ni wa zamani. Ni wa zamani vipi, wakati bati lilikuwa halijaanza hata kushika kutu na unga wa zege ulikuwa bado umenata kwenye nati?

Ninachoogopa si hadithi ya mtaani. Mwaka 2011 huko Marekani, Chevrolet Volt lililofanyiwa jaribio la kugongwa liliwaka moto likiwa limeegeshwa tu, na zilikuwa zimepita wiki tatu tangu ligongwe. Wachunguzi walikuta betri ilitobolewa na maji ya kupozea yakavuja. Langu halina maji ya kupozea betri, hilo najua, kwa hiyo silinganishi moja kwa moja. Lakini funzo la kwamba betri iliyoumia inaweza kukaa kimya siku nyingi kabla ya kuonyesha madhara, hilo nimelishika.

Halafu kuna suala la gereji yenyewe. Nilikwenda kuiona. Kazi yao ya kunyoosha bodi na rangi ni nzuri, siwezi kuwaonea. Nikamuuliza msimamizi: kabla ya kuchomelea nyuma, mtakata umeme vipi? Akasema watatoa tamino ya betri ndogo. Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Gari hili lina plagi ya usalama sakafuni katikati, ambayo fundi mwenye glavu maalumu huichomoa ili kuitenga betri kubwa, kisha husubiri dakika zisizopungua kumi umeme uliobaki kwenye mitambo uishe. Zile nyaya nene za rangi ya chungwa ndizo zinazoubeba. Hakuwa anaijua hiyo plagi. Nikamuuliza pia kuhusu oveni ya rangi, kwa sababu betri hizi hazipendi joto. Bampa na mlango wa buti vinaweza kufunguliwa vikapigwa rangi peke yake, gari likabaki nje. Alinisikiliza kwa adabu, akasema wataangalia. Kwa volti 360 na vijana wake watatu wanaoingia chini ya gari, “tutaangalia” hainitoshi.

Mume wangu amechoka. Anasema tusaini, tupokee, tutengeneze sura, tuuze, tumalize mkopo. Namwelewa, kwa kuwa bei tuliyotajiwa ya betri nyingine iliyotumika inazidi nusu ya tuliyonunulia gari. Lakini gari hilo litanunuliwa na nani? Mtu mwenye watoto kama sisi. Siwezi kumpa mtu funguo nikiwa nimenyamazia ninachokijua.

Kwa hiyo naomba majibu ya wenye uzoefu. Je, hapa Dar kuna mliyewahi kushushiwa betri ya gari kama hili na kupimiwa insulesheni, mkapewa ripoti ya maandishi yenye muhuri? Nimefikiria kwenda Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) pale Mabibo au VETA Chang'ombe kuuliza kama walimu wanaweza kuikagua; kuna aliyewahi kukubaliwa? Kwa wanaojua mambo ya bima: naweza kusaini sehemu ya bodi peke yake na kuandika kwamba dai la betri linabaki wazi mpaka ikaguliwe, au nikiandika hivyo wanaweza kuzuia malipo yote? Na je, niende kwanza TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, au moja kwa moja kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kuna lazima ya kuwa na barua ya kukataliwa badala ya haya majibu ya simu?

Wamenipa hadi mwisho wa mwezi huu kurudisha hati.

Mama Ebeneza,
Tabata, Dar es Salaam