Risala ya Kikundi cha Kufa na Kuzikana kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Jirani Yetu Marehemu, Morogoro

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa mtaa na kata, mashehe, mapadri na wachungaji wetu, watoto wa marehemu, majirani: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua una majukumu mengi, na njia ya kufika huku umeiona mwenyewe.

Kikundi chetu kilianza na akina mama wachache waliochangishana unga na maharage ya msiba. Leo ni nguzo ya mtaa mzima. Tuna maturubai, viti vya plastiki na masufuria makubwa, na hakuna msiba uliowahi kutushinda. Mzee tunayemkumbuka leo, akitimiza mwaka tangu atutoke, alikuwa nasi tangu siku ya kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, marehemu alikuwa fundi mwashi. Mkewe alifariki watoto wakiwa wadogo. Alijifunza kusuka nywele kwa mama wa jirani ili binti yake asiende shule na kichwa timtimu. Kikao cha wazazi hakikumpita. Alifika na udongo wa saiti miguuni, akakaa mbele. Ukuta wako ukipasuka, hukumwita mara mbili. Malipo alisema mtaongea baadaye, na hayakuongelewa tena.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa korongoni. Mvua ikinyesha juu kwenye milima ya Uluguru, huku chini jua linawaka, maji hushuka ghafla, na watoto wetu huvuka hapo kwenda shule. Kila masika marehemu alilaza magogo, akafunga kamba, akasimama pale asubuhi na jioni kuvusha watoto wa watu wote kama wake. Mvua za El Niño za 2023 na 2024 ziliyasomba magogo tena na tena, naye akayarudisha hadi nguvu zilipomwishia. Siku ya maziko yake, magogo hayakuwepo. Jeneza la mtu aliyetuvusha sote lilizungushwa hadi barabara kuu, ilhali makaburi yapo ng'ambo ya pili tu ya korongo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, ombi la kivuko cha kudumu hapo korongoni si jipya. Limesomwa mahali hapa hapa mbele ya wageni rasmi waliokutangulia, na mara ya kwanza aliyelisoma ni marehemu mwenyewe. Tuliambiwa "mwaka huu wa fedha", tukapiga makofi. Julai za kuanza mwaka wa fedha zimekuja na kupita. Walikuja watu wa kupima, wakapigilia vigingi, tukawapikia wali. Likamwagwa lori moja la kokoto, ambalo sasa limeota majani. Hatuleti lawama. Tunaomba tu kokoto zile zisihesabiwe kuwa tumeshapewa.

Hatuombi daraja la magari. Tunaomba kivuko cha zege cha waenda kwa miguu, chenye vyuma vya kushikia anavyovifikia mtoto wa darasa la kwanza, kilichoinuliwa kupita alama ya maji ya El Niño, ambayo bado inaonekana kwenye kuta za nyumba za kandokando. Mawe na mchanga tunavyo. Mafundi aliowafundisha marehemu wamekubali kujenga bila ujira. Tunachokosa ni saruji, nondo na mhandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wa kutuchorea na kusimamia, maana zege lisilo na hesabu litaondoka na masika ya kwanza.

Maombi yetu ya mkopo kutoka ile asilimia kumi ya mapato ambayo halmashauri hutengea vikundi tumeyaleta kwa barua. Leo hatutakuchosha nayo.

Mheshimiwa, chakula kiko tayari, lakini tunakusihi kabla ya kunawa ushuke nasi korongoni. Si mbali. Mtoto wa mwisho wa marehemu atakuonyesha baba yake alipofunga kamba. Ukiwa pale, tunaomba ututajie tarehe ya kuanza kazi, mwenyekiti aiandike kwenye daftari la mtaa, nawe uiwekee sahihi.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi